Drili ya kuchaji ya bei nafuu kwa kazi za nyumbani: ya kwanza imenifia ndani ya miezi minane, sasa nichukue ipi?

#1 BabaZuhura_Duga

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Tanga, Duga. Mwaka jana mwezi wa nane nilihamia kwangu, sebuleni hata dari bado, ila kodi nimeshaagana nayo. Sasa kazi ndogondogo haziishi. Mabomba ya mapazia, wavu wa mbu madirishani, rafu za jikoni, kitasa cha mlango wa uani, kitanda cha Zuhura kinachotikisika kila akipanda. Fundi akija kwa matundu manne ananitajia hela ya siku nzima, na namwelewa, maana kuja na kurudi siku yake ndiyo imeshakatika.

Mwezi wa tisa nikanunua drili ya kuchaji kwenye duka moja mjini. Boksi limeandikwa 48V, muuzaji akanihakikishia inatoboa popote. Miezi ya mwanzo niliifurahia sana. Mwezi huu wa tano imekata roho. Ukibonyeza inazunguka nusu mzunguko, taa ya mbele inapepesa, kimya. Chomoa betri, irudishe, nusu mzunguko tena, kimya. Ukiiweka kwenye chaja, taa inakuwa kijani ndani ya dakika mbili kana kwamba imejaa.

Naomba msaada kwa mawili. Kwanza, nini kimeiua? Sitaki kununua nyingine nikaiua kwa kosa lile lile. Pili, kwa laki na nusu, nikijikaza laki mbili, nichukue ya volti ngapi: 12, 18, 20, 21? Mbona zimekuwa nyingi hivi?

#2 KijanaWaChuda

Nimeweka kiti hapa. Na mimi nataka kununua mwisho wa mwezi.

#3 FundiKange

Pole mkuu. Hiyo 48V isikuumize kichwa, hakuna volti 48 mle ndani. Fungua betri utakuta seli tano za duara, kila moja ina volti 3.6. Tano mara 3.6 ni 18, basi. Nimeshafungua zilizoandikwa 48, 88, mpaka 98, na mara nyingi wanaweka herufi VF pembeni ya namba. Zote seli tano.

Ushauri wangu chukua 20V, achana na 18V, ile 20 ina nguvu zaidi. Ingco, Total, Tolsen, hizo ndizo ninazoziona mikononi mwa mafundi wengi hapa na betri zake unazipata bila kusafiri.

#4 MstaafuBandari

Kijana wangu wa #3, la 48V umesema kweli, lakini la 18 na 20 nakurekebisha. Ni kitu kimoja. Seli ya lithiamu ikijaa inafika volti 4.2. Tano zikijaa ni 21. Ukianza kazi zinashuka na kwa muda mrefu zinakaa karibu 3.6, ndiyo 18. Kwa hiyo mmoja anaandika 18, mwingine anaandika 20, wa tatu 21, na wote wanauza seli tano zile zile. Na za 12 ni seli tatu: zikijaa 12.6, kazini 10.8.

Mwenye uzi, kabla hatujasema nini kimeua, azima mita. Pima volti kwenye midomo miwili mikubwa ya betri, ile ya plasi na ya mainasi, utuletee namba.

#5 FundiKange

Shikamoo mzee. Nimekubali, sikuwa nimepiga hesabu ya seli zikijaa.

#6 MstaafuBandari

Marahaba. Hakuna ubaya, hata boksi lenyewe linataka uamini hivyo.

#7 DadaMishi_Ngamiani

Baba Zuhura, mimi kazi yangu ni kufunga mapazia, mwaka wa sita huu, nyumba kwa nyumba, Raskazone mpaka Pongwe. Naomba nikuulize swali moja: hayo mabomba ya mapazia uliyatobolea wapi?

Nauliza kwa sababu watu wengi drili zao zinafia palepale. Pazia linafungwa juu ya dirisha. Juu ya dirisha kuna nini? Lenta. Zege limeshindiliwa na nondo ndani, mahali pagumu kuliko pote kwenye ukuta mzima. Mtu ananunua drili ndogo, kazi ya kwanza kabisa anaipeleka kwenye lenta. Anaegemea kwa mwili wote, biti (ile ncha ya kutobolea) inalia, vumbi linatoka kidogo kama poda ya mtoto, mashine inapata moto mpaka mkono unasikia, na betri nayo inachemka. Baada ya matundu manane vile, ile betri haiwi tena ile uliyoinunua.

Mimi kwenye lenta natumia mashine ya SDS ya waya, ile drili nzito ya kugonga zege. Ya kuchaji ni ya skrubu, mbao, bloku za kawaida na wavu.

#8 BabaZuhura_Duga

Dada Mishi, umekuwa kama ulikuwepo. Madirisha matano, yote juu kwenye lenta. Tundu la chumbani lilinichukua karibu nusu saa, na betri niliitoa nikaiweka mbele ya feni ipoe ndipo niendelee.

Mzee wa #4, mita naifuata kwa jirani kesho.

#9 KariakooKilaSiku

Kwa nini mnajitesa? Drili ya waya yenye kugonga ni nafuu kuliko ya kuchaji, ina nguvu maradufu, na haina betri ya kufa. Nunua na ekstensheni ya mita ishirini, umemaliza. Mtu wa kazi za nyumbani anatoboa mara mbili kwa mwezi, betri inamzeekea kabatini bure.

#10 BabaZuhura_Duga

Mkuu wa #9, hoja yako ina uzito, ila nyumba bado waya hazijakamilika. Upande wa uani soketi hakuna, na kule ndiko kwenye kitasa, banda la kuku na tangi la maji. Nikiwa juu ya ngazi waya unanining'inia miguuni na mtoto anapita chini, sipendi. Ndiyo maana nikataka ya kuchaji.

#11 Mpangani

Hebu tuwekeane sawa. Dada Mishi anasema lenta ndiyo adui, hiyo ni kwa nyumba za bloku. Sisi wa nyumba za zamani Pangani ukuta ni matumbawe na chokaa. Huku ugumu siyo shida, shida ni ukuta kumeng'enyeka. Ukiwasha kugonga, tundu la milimita 8 linakuwa pango, fisha (kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani) inaingia na kutoka yenyewe. Mimi nazima kugonga kabisa, naanza na biti ndogo kuliko fisha, polepole, na fisha naweka ile ndefu. Drili ya volti 12 inanitosha tangu zamani.

Kwa hiyo jibu la "nunue ipi" linaanzia kwenye ukuta wako.

#12 Dunda_Bagamoyo

Wa #11 salaam, hata huku Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni hivyo hivyo. Ongeza na jambo hili: jiwe la tumbawe lina matundu ndani, biti inazama ghafla. Mara ya kwanza niliangukia ukuta na bega.

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi. Kazi yote alitoboa kwa keekee ya uta: mkono mmoja unakandamiza kichwa cha keekee, mwingine unavuta uta mbele na nyuma, kamba inaizungusha. Mbao ngumu kabisa, msumari mmoja baada ya mwingine, kila msumari na tundu lake, chombo kizima. Nikishika drili yenye klachi namkumbuka, naona angependa sana ule mpini.

#13 KijanaWaChuda

Klachi ndiyo ile pete yenye namba? Mimi nilidhani ni ya kasi.

#14 FundiKange

Hapana mdogo wangu. Kasi ni kile kitufe cha juu, 1 na 2. Namba 1 ni polepole na nguvu nyingi, ya skrubu na biti nene. Namba 2 ni mbio, ya kutoboa matundu madogo. Kuna na kibonyezo cha kidoleni, ukikibonyeza kidogo inazunguka kidogo.

Pete ya namba ni klachi. Unachagua skrubu ikazwe mpaka wapi, ikifika hapo inasema trrr na kuacha kusokota. Ukiwa unafunga bawaba za kabati weka namba ndogo, skrubu haitazama kwenye mbao wala kichwa chake hakitachubuka. Picha ya biti ndiyo kutoboa, klachi inalala. Picha ya nyundo ndiyo kugonga, na siyo kila drili inayo. Za volti 12 za bei ya chini nyingi hazina.

#15 MuhezaMachungwa

Niwape kisa changu ili mwingine asipotee. Nilipata drili ya mtumba, jina kubwa, kutoka Japani, bei ya kutupa. Mashine nzima kabisa. Nikachomeka chaja ukutani, ikapiga "pa!" na harufu ikajaa chumba kizima. Kumbe Japani umeme wa nyumbani ni volti 100 na chaja imetengenezwa kwa huo tu. Wetu ni 230. Marekani ni 120, nako vilevile.

Geuza chaja usome mgongoni. Ukiona imeandikwa 100-240V iko salama popote. Ukiona 100V peke yake au 120V peke yake, iache dukani. Adapta ya kubadilisha miguu ya plagi haibadilishi volti, wauzaji wengi hawalijui hilo na wanakuapia.

#16 BabaZuhura_Duga

Mrejesho wa mita: 18.9. Nimepima mara tatu.

#17 FundiKange

18.9 ni betri nzima kabisa hiyo! Basi tuache kuisingizia. Tatizo litakuwa swichi ya kidoleni au kaboni za mota (vile vipande vinavyogusa na kupeleka umeme ndani ya mota) zimekwisha. Ile nusu mzunguko ndiyo dalili ya kaboni kutogusa vizuri. Drili zisizo na kaboni hazina ugonjwa huu, ila bei yake inaruka.

#18 DadaMishi_Ngamiani

Fundi, kaboni iishe kwa miezi minane ya kazi za nyumbani? Mimi ya kazini kaboni nilibadilisha baada ya miaka miwili, na ninatoboa kila siku.

#19 MstaafuBandari

18.9 ni jumla, wala jumla haisemi nani kalala na nani kaamka. Watu watano wamebeba jeneza, mmoja miguu haina nguvu: likiwa chini humjui, likinyanyuliwa ndipo anapopiga magoti. Mle ndani kuna ubao mdogo wa ulinzi. Seli moja ikishuka mno, ubao unakata umeme wa betri nzima. Ukichomoa na kurudisha unajaribu tena, unaona mmoja kapiga magoti, unakata tena. Nusu mzunguko yako ndiyo hiyo, mimi naona hivyo.

Na chaja kuwa kijani upesi ni huo huo ubao: umefunga mlango, chaja inaona hakuna umeme unaoingia, inadhani imejaa.

Pata fundi simu mwenye mkono mtulivu afungue, apime seli moja moja. Wewe usiifungue kwa bisibisi mezani. Ukigusisha plasi na mainasi cheche zake si za mchezo.

#20 Kwa_Minchi_Boy

Hivi mnajua drili ya kuchaji ilibuniwa na NASA kwa ajili ya kwenda mwezini? Leo tunatobolea mapazia.

#21 MstaafuBandari

Si kweli, mwanangu, ingawa inasemwa sana. Black & Decker walikuwa na drili ya kuchaji tangu 1961. Ya mwezini walishiriki kuitengeneza baadaye, na iliyochimba kule mara ya kwanza ni ya safari ya Apollo 15, mwaka 1971. Betri za nyakati hizo zilikuwa za nikeli na kadimiamu, volti 1.2 kwa seli, kwa hiyo 18 ilitaka seli kumi na tano. Nilizitumia bandarini. Ukibeba siku nzima bega linakukumbusha usiku.

#22 KijanaWaChuda

Mzee, hizo ndizo zilizokuwa lazima uziishe kabisa ndipo uchaji? Mjomba ananikazania nifanye hivyo hata leo.

#23 MstaafuBandari

Ndizo, na mjomba alifundishwa sawa kwa betri za wakati wake. Za lithiamu ni kinyume. Ukiona nguvu imepungua, chaji. Ukiiweka tupu kabatini miezi mitatu, unaweza kuiua. Kama hutaitumia muda mrefu, iache karibu nusu na itoe kwenye mashine.

#24 BabaZuhura_Duga

Hapo mzee umenigusa. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu sikuigusa kabisa, shule zilifunguliwa, hela ya kazi za nyumba haikuwepo. Ilikaa stoo, na nakumbuka niliiweka baada ya kumaliza rafu ikiwa imeisha nguvu. Stoo iko chini ya bati, dari hakuna.

#25 Sahare_Ufukweni

Kaskazi nzima chini ya bati bila dari! Mchana mle mshumaa unapinda. Mimi nasema joto ndilo lililoua, siyo lenta wala kuachwa tupu. Lithiamu na joto haviivani, hata simu ukiiacha juani kwenye gari betri inaanza kuvimba.

Na kwa sisi wa karibu na bahari ongeza chumvi. Drili yangu ya kwanza midomo ya betri iliota ukungu wa kijani, kama ule wa sarafu ya zamani. Nilisugua kwa raba ya kufutia penseli, nikafuta kwa spiriti, ikafufuka. Tangu hapo betri naziweka kwenye ndoo ya mfuniko, chumbani, siyo stoo. Baba Zuhura, angalia midomo ya betri yako kabla hujampelekea fundi.

#26 BabaZuhura_Duga

Nimeangalia. Mmoja una kijani kidogo pembeni. Nimesugua kama ulivyosema, haijabadilika.

#27 DadaMishi_Ngamiani

Wakati tunasubiri fundi simu, nirudi kwenye swali la kununua, maana tutafika mwezi wa saba bado tunafanya uchunguzi wa maiti.

Ukienda dukani nenda na biti yako moja ndefu. Waambie wafunge, washe polepole, tazama ncha ya biti kwa jicho la upande. Ikichora duara badala ya kusimama mahali pamoja, taya zinazoshika biti zimepinda, hiyo kila tundu lako litakuwa kubwa kuliko fisha. Omba nyingine. Halafu shika taya kwa mkono uzitikise, zisicheze. Jaribu klachi kwa namba ndogo, zuia kwa kitambaa, isikie ikisema trrr.

Na uliza betri ya akiba bei gani, na wakuoneshe kwa macho kwamba ipo. Nimeona watu wananunua mashine ambayo betri yake hakuna mwingine anayeuza Tanga nzima. Betri ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye mashine ya nyingine, hilo kumbuka kabla ya yote. Heri seti yenye betri mbili ndogo kuliko moja kubwa. Moja inafanya kazi, nyingine inachaji na kupoa.

#28 KariakooKilaSiku

Kwenye betri kuna ulaghai mwingine, uwezo wa Ah (ampea-saa, yaani betri inabeba umeme kiasi gani). Wanaandika 4.0Ah au 6.0Ah juu ya betri ya 1.5. Dawa yake ni mizani. Seli moja ya kawaida ile ya 18650, maana yake kipenyo milimita 18 na urefu 65, ina gramu 45 hivi. Betri ya 4.0Ah ina seli kumi, tano mara mbili, ni gramu 450 kabla ya ganda. Ukipima na ganda lake ukapata gramu 300, ujue mle hakuna 4.0.

#29 MstaafuBandari

Vizuri, ila siku hizi kuna seli nene zaidi, 21700, gramu 70 hivi kila moja, na tano zake zinaweza kufika 4.0Ah kwa gramu 350 bila ganda. Kwa hiyo gramu 300 ni uongo hata kwa hizo, lakini gramu 450 na ganda lake usimwite mtu mwizi haraka.

#30 KariakooKilaSiku

Ahsante mzee, nimeongeza ujuzi.

#31 ShambaKwetu_Amboni

Kuna aliyehesabu gharama ya kuchaji? Mke wangu anasema LUKU inaisha sababu ya drili.

#32 FundiKange

Mwambie shemeji volti 18 mara 2.0Ah ni wati-saa 36. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Hata ukitoa kinachopotea kwenye chaja, uniti moja inachaji zaidi ya mara ishirini. Atafute kwenye friji au pasi.

#33 BabaZuhura_Duga

Wakuu, betri imefunguliwa. Nimesimama pale pale kwa fundi simu mpaka mwisho. Alikata gundi kwa kisu chembamba, akaweka seli juu ya kipande cha mbao. Akapima: 4.1, 4.1, 4.0, 4.1, halafu ya mwisho 2.6. Jumla yake ndiyo ile ile 18.9.

Mzee wa #19, aliyepiga magoti amepatikana. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyo karibu na midomo ya betri, na kibati chake kina kutu ya kahawia.

#34 Sahare_Ufukweni

Kutu! Si nilisema? Chumvi imeingia.

#35 FundiKange

Naondoa neno langu la kaboni. Ila kutu hainishawishi. Betri za bei hii zinachanganywa seli zisizolingana tangu kiwandani, moja dhaifu inaingia na nne nzima, ndiyo inayotangulia kuchoka. Hata angekaa nayo Lushoto kwenye baridi ingekufa.

#36 MstaafuBandari

Mimi naangalia chaja. Waya mbili tu kwenda kwenye betri, au kuna midomo midogo mingine? Kama ni mbili tu na ubao wa ndani hausawazishi seli, kila ukichaji iliyobaki nyuma inazidi kubaki nyuma.

#37 BabaZuhura_Duga

Ni mbili tu, mzee.

#38 DadaMishi_Ngamiani

Na mimi sijaondoka kwenye lenta yangu. Seli dhaifu ilikuwepo, sawa. Nani aliichosha?

#39 MuhezaMachungwa

Je, hiyo seli moja haiwezi kubadilishwa? Seli za betri za laptopu mbovu zimejaa kwa mafundi.

#40 MstaafuBandari

Za laptopu hapana. Laptopu inanywa umeme kidogo kidogo, drili ikikwama kwenye mbao inavuta ampea ishirini na zaidi kwa mpigo. Seli ya laptopu itachemka na kunywea. Zinatakiwa za kutoa umeme mwingi, zinazofanana, na ziungwe kwa mashine ya kuchomelea nukta kwa nukta (spot welder). Ukikaa na chuma cha moto cha kulehemu juu ya seli unaipika. Ukijumlisha gharama, bora betri mpya.

#41 Mpangani

Tuacheni ya marehemu. Umenunua ipi?

#42 BabaZuhura_Duga

Nimenunua jana jioni. Nilikwenda na biti yangu ndefu kama dada Mishi alivyosema, ya kwanza ncha ilichora duara, muuzaji mwenyewe akaona akaniletea ya pili, ikasimama sawa. Ni ya volti 20, seli tano, ina klachi na kugonga, betri mbili za 2.0Ah, chaja 100-240V. Laki moja na themanini baada ya kuvutana. Betri ya akiba ipo kwenye maduka mawili ninayoyajua.

Leo asubuhi nimefunga kitasa cha uani. Mlango ni mninga, nilianza na biti ndogo ya milimita 3 kwa kila skrubu, kasi namba 1, klachi namba 9. Skrubu nne, vichwa vyote vimelala sawa na kitasa, hakuna hata kimoja kilichochubuka. Zuhura kanishikia skrubu kwenye kiganja, ananipa moja moja.

Kitanda chake nacho kimetulia. Betri nimeziweka kwenye ndoo ya mfuniko, chumbani.

Bado sebuleni dirisha kubwa, matundu sita, yote lenta. Hilo sijaligusa.

#43 DadaMishi_Ngamiani

Usiliguse. Jumapili nina kazi Duga, saa nne nitakuwa nimemaliza. Nitapita na SDS, matundu sita ni dakika kumi. Wewe andaa ngazi na ekstensheni ya kutoka chumbani, na fisha za milimita 8.

#44 BabaZuhura_Duga

Karibu sana dada. Mama Zuhura ameshasema kutakuwa na chai na mikate ya kumimina.

#45 KijanaWaChuda

Duka lenyewe liko barabara ya ngapi? Na ile iliyochora duara waliirudisha kwenye rafu?